Maswali ya Wasomaji: Bia ya Nyumbani Itiwe Chupani Lini?

Barua za safari hii zimetoka Malindi na vitongoji vyake, na moja imetoka Lamu. Karibu zote zinauliza jambo moja: mtu atajuaje kwamba kilichomo ndooni kimemaliza kuchacha na kinaweza kufungiwa chupani bila hatari? Tumeanza na barua yenye vipimo vya haidromita, kile chombo cha kioo kinachoelea na kuonyesha bia ni nzito kiasi gani ikilinganishwa na maji, maana penye vipimo ndipo tunapoweza kujibu kwa uhakika.

Nimepika lita 20 za bia ya kimea cha shayiri. Siku ya kwanza haidromita ilisoma 1.048. Leo ni siku ya sita, povu limeshuka, kizibo cha maji kilicho juu ya mfuniko kimenyamaza tangu jana, na haidromita inasoma 1.018. Maelezo yaliyokuja na hamira yanasema ningoje wiki mbili, lakini rafiki yangu asema kwa joto la pwani bia huwa tayari nusu ya muda. Chupa nimeshaziosha. Nitie?
*M.K., Muyeye, Malindi*

Usitie bado, Bwana M.K. Rafiki yako hakukosea kuhusu joto. Bia ambayo ingechukua siku kumi penye nyuzi 18 za Selsiasi yaweza kumaliza kwa siku nne au tano penye nyuzi 28. Lakini kwenda mbio si kufika. Zile wiki mbili nazo ni tahadhari ya mtu asiyejua chumba chako kina joto gani wala hamira yako ilikaa wapi kabla hujainunua. Achana na kalenda, tazama namba mbili: ile inayotarajiwa, na ile isiyosogea tena.

Hamira ya kawaida ya bia hula robo tatu hivi ya zile pointi unazozisoma siku ya kwanza (maji ni 1.000, kwa hiyo 1.048 ni pointi 48). Ukianzia 1.048, tazamia 1.012, pengine 1.010. Wewe uko 1.018, yaani hata thuluthi mbili hazijaliwa. Na huenda hali ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu hukutuambia joto la bia uliyoipima. Haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20. Soma karatasi iliyo ndani ya shingo ya kioo, imeandikwa hapo. Bia yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo haidromita huzama zaidi na kukupa namba ndogo kuliko ya kweli. Kwa nyuzi 25 ongeza pointi 1, kwa nyuzi 30 ongeza 2 na nusu, kwa 32 ongeza 3. Ikiwa ulipima saa nane mchana chumba kikiwa nyuzi 30, ile 1.018 yako ni 1.020 na kitu. Masahihisho hayohayo yafanywe kwa kipimo cha siku ya kwanza pia.

Kabla ya kuiamini haidromita yenyewe, iweke kwenye maji matupu ya nyuzi 20. Isome 1.000. Usitumie maji ya kisima kwa jaribio hili: visima vingi vya Malindi na Lamu vina chumvi, na gramu 3 za chumvi katika lita moja zinatosha kuipandisha haidromita pointi 2. Chukua maji ya mvua au ya chupa.

Kwa nini tunashikilia pointi sita kwa nguvu hivi? Kila pointi moja inayoshuka ni kama gramu 2 za sukari katika kila lita, na sukari hiyo inaacha gesi karibu nusu lita ndani ya lita ya bia. Bia ya kawaida hubeba lita 2.4 hivi za gesi kwa lita. Ukiifunga ikiwa 1.018 na hamira ikaamka ikaishusha hadi 1.012, umeongeza lita 3 za gesi juu ya ile utakayoipata kwa sukari ya chupani, yaani ile inayotiwa wakati wa kufunga ili bia ipate gesi. Jumla inapita 5. Chupa ya kawaida ya bia haikutengenezwa kwa mzigo huo, na kioo kikipasuka hurusha vipande kila upande.

Kunyamaza kwa kizibo cha maji hakukuambii lolote la kutegemea. Mfuniko wa ndoo ukiwa na upenyo mdogo, gesi hupitia pembeni na kizibo hakitoi hata kiputo kimoja, ilhali bia inachemka chini. Na kinyume chake: bia iliyokwisha siku tatu nyuma hutoa viputo mchana kwa sababu joto limeipanua hewa na kuifukuza gesi iliyoyeyuka, kisha usiku hunyamaza, na maji ya kizibo hata yakavutwa ndani. Povu nalo hushuka mapema. Huwa limeanguka huku pointi nane au kumi zikiwa bado zimebaki.

Sasa kipimo chenyewe, kwa sababu wengi hukosea hapa. Toa mililita 100 hivi kwa bomba la ndoo au kwa mpira uliosafishwa. Mimina kutoka gilasi hadi gilasi, mara kumi na zaidi, mpaka povu lisitokee tena. Usiruke hatua hii: viputo vya gesi hujibandika kwenye haidromita na kuinyanyua, nayo ikakudanganya kwa pointi 2 au 3. Tia kwenye mrija mrefu, tumbukiza haidromita, izungushe kwa vidole viwili ili viputo vilivyobaki viachie, ingoje itulie. Inama mpaka jicho liwe sawa na uso wa bia. Utaona bia imepanda kidogo pale inapogusa kioo. Usisome ule ukingo uliopanda, soma usawa wa chini. Pima joto, andika namba mbili pamoja na tarehe. Bia hiyo usiirudishe ndooni. Ionje, kisha imwage.

Rudia baada ya saa 48, na tena baada ya 48 nyingine. Namba tatu zilizo sawa, karibu na ile inayotarajiwa, ndiyo ruhusa. Namba tatu zilizo sawa lakini ziko juu, kama 1.018 yako, bado ni swali: imemaliza, au imekwama?

Jibu lake hupatikana kwa chupa ndogo. Chukua mililita 300 za bia hiyo katika chupa iliyochemshwa, tia nusu kijiko cha chai cha hamira mpya ya bia, funika mdomo kwa karatasi ya fedha bila kukaza, weka mahali pa nyuzi 30 (Malindi kivuli cha baraza kinatosha miezi mingi), na uitikise kila ukipita. Baada ya saa 48 hadi 72 ondoa gesi, upime. Ikishuka hadi 1.012, ndoo yako imekwama na ina chakula bado. Ikibaki palepale 1.018, hakuna tena kinacholika humo. Hapo kimea kilipikwa kwa maji ya moto mno: kikiachwa kwenye nyuzi 70 na zaidi hutoa sukari nzito ambazo hamira haiziwezi, kikikaa kwenye 63 hadi 66 hutoa zile nyepesi. Bia ya namna hiyo itakuwa nzito mdomoni, lakini ni salama kuifunga. Mwenye busara hufanya jaribio hili siku ileile ya kupika, akitenga mililita 300 za maji ya kimea yaliyopoa; akifika siku ya nne huwa anaijua namba yake ya mwisho kabla ndoo haijafika.

Ikiwa imekwama, izungushe ndoo taratibu bila kuifungua ili machicha yaliyolala chini yainuke. Ngoja siku tatu. Isiposogea, amsha hamira mpya: gramu 5 katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 35, dakika 20, kisha mimina. Sababu kubwa ya kukwama huku kwetu ni pakiti ya hamira iliyopigwa na joto garini au dukani. Ukinunua, iweke kwenye friji mara moja.

Na hata namba ikisimama, pua ina neno la mwisho. Hamira ikiwa kazini huacha diasetili, inayonuka samli au bisi zilizotiwa siagi, na baadaye huifyonza yenyewe ikipewa muda. Jaza gilasi mbili nusu nusu. Moja ifunike na uitie kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 65 kwa nusu saa, nyingine iache. Poza ile ya moto, kisha zinuse zote mbili. Ya moto ikitoa harufu ya samli hata kama ya baridi haitoi, ngoja siku mbili tatu. Harufu kali ya tofaa bichi pia ni dalili ya kuchukua mapema. Ukiona utando mweupe uliokunjamana juu ya bia, na ladha ni ya siki, hapo kungoja hakusaidii. Imeingiliwa na vijidudu.

Mimi sina haidromita na hapa Gede sijui pa kuipata. Je, kuna njia nyingine ya kupima, au nibahatishe?
*Mama J., Gede*

Usibahatishe, mama. Haidromita hupima uzito wa bia ukilinganishwa na uzito wa maji, na kazi hiyo mizani nzuri huifanya, pengine vizuri zaidi.

Tafuta kichupa cha kioo chenye shingo nyembamba, cha mililita 100 hivi, kama kile cha dawa ya kikohozi. Kioshe, kikauke kabisa. Kipime kikiwa kitupu. Kijaze maji safi mpaka mdomoni, maji yavimbe kidogo juu ya ukingo, kisha pitisha upande wa kisu juu yake ili yawe sawasawa, futa nje, pima. Mwaga, kausha, rudia vilevile kwa bia uliyoiondoa gesi. Toa uzito wa kichupa kitupu katika vipimo vyote viwili, kisha gawanya uzito wa bia kwa uzito wa maji.

Mfano: maji yakiwa gramu 104.20 na bia gramu 105.45, gawanya 105.45 kwa 104.20. Unapata 1.012.

Mizani ya sonara, ile inayosoma sehemu ya mia ya gramu, inafaa sana kwa kichupa kidogo. Siku hizi za betri zinazotoshea kiganjani si ghali. Ukiwa na mizani ya jikoni tu, inayosoma gramu moja moja, tumia chupa ya nusu lita: hapo kila gramu ni pointi 2, ambayo ni kipimo kinene lakini kinatosha kuona kama bia inaendelea kushuka. Jambo la kuzingatia ni maji na bia viwe na joto moja. Viweke pamoja mezani saa mbili kabla ya kupima. Ukifanya hivyo huhitaji lile hesabu la kuongeza pointi kwa ajili ya joto, kwa sababu vyote viwili vimepungua uzito karibu sawa.

Ukiwa umekosa vyote, hamira ya kawaida katika joto la hapa ipe siku 14 nzima, na katika kila pishi jaza chupa moja ya plastiki ya soda. Ibinye kila siku. Ikiwa ngumu kama soda isiyofunguliwa, chupa zote za kioo ziingie kwenye friji siku hiyohiyo. Hii hatuiiti kipimo, ni king'ora.

Nimeambiwa ipo hamira ya Norway inayopenda joto na kumaliza kwa siku tatu. Nayo ina haja ya kupimwa?
*S.N., Mayungu*

Ipo, inaitwa kveik, na aina yake ijulikanayo kama Voss hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 35 na 40. Kwa Malindi ni neema, kwa maana hamira nyingine nyingi zikipita nyuzi 28 hutoa pombe kali zinazounguza koo na kuumiza kichwa, na harufu ya ndizi mbivu kupita kiasi. Lakini ipime vilevile. Ikishuka ikawa nyuzi 24 usiku wa kusi, ile iliyokuwa ikikimbia hutambaa, na siku tatu huwa kumi.

Zaidi jihadhari na hamira za bia ya mtindo wa Ubelgiji zinazoitwa saison. Baadhi yake zina uwezo wa kuvunjavunja hata zile sukari nzito ambazo nyingine huziacha. Hizo hazisimami 1.012, hushuka hadi 1.004 au chini ya hapo, na pointi za mwisho huziteremsha polepole sana, moja kwa siku tatu nne. Kwa hamira hizo acha wiki nzima kati ya vipimo viwili vya mwisho. Na vyombo vyake, hasa mipira na mabomba ya plastiki, usivichanganye na vya bia nyingine. Masalia madogo tu yakiingia kwenye bia ya kawaida iliyokwisha fungwa, yataanza kula upya kile kilichobaki.

Bia yangu bado ina ukungu. Ningoje iwe angavu ndipo niitie chupani?
*Msomaji, Barani*

La. Ukungu na kumaliza ni mambo mawili tofauti. Bia ya ngano huwa na ukungu mpaka mwisho, na bia angavu yaweza kuwa na pointi tano zisizoliwa. Namba ikishasimama, ukiwa na friji ya kutosha ndoo, iweke humo saa 24 hadi 48. Machicha yatashuka na hamira itakayobaki inatosha kutia gesi.

Chupa zangu nyingine zikifunguliwa hurusha povu hadi darini, nyingine hazina gesi kabisa, na mbili zimepasuka kabatini. Nilipima, ilikuwa 1.011 siku nne mfululizo. Natia kijiko kimoja cha sukari kwa kila chupa. Nina nyumba ndogo ya wageni na ningependa kuwapa.
*D.F., Casuarina*

Kwa kuwa namba ilisimama, kosa liko kwenye sukari au kwenye usafi, na hilo la chupa kutofautiana linatuelekeza. Zote zikirusha povu kwa nguvu sawa, bia ilifungwa mapema au sukari ni nyingi. Zikitofautiana, sukari haikugawanyika au chupa baadhi ni chafu. Zikiwa nzuri wiki ya pili na mbaya wiki ya sita, ni hamira mwitu. Tazama shingo za chupa zilizosumbua: ukiona pete nyeupe pale uso wa bia unapogusa kioo, ni uchafu.

Kijiko hakifai, ndugu yetu. Kijiko cha chai kilichojaa juu kinaweza kubeba mara mbili ya kilichosawazishwa, na chupa ya nusu lita inataka gramu 3.25 tu. Pima sukari ya bia yote kwa pamoja. Bia iliyokaa kwenye nyuzi 28 hadi 30 imebakiwa na gesi lita 0.7 hivi kwa lita. Tunataka 2.4. Pengo ni 1.7, na kila lita moja ya gesi inataka gramu 3.8 za sukari nyeupe. Kwa lita 20 inakuwa gramu 130. Hesabu lita zilizopo kweli baada ya kuacha machicha. Ndoo ya lita 20 mara nyingi hutoa 18, na hapo sukari ni gramu 117. Na ukiwa umeiweka ndoo kwenye friji, hesabia lile joto la juu bia ilipomaliza, si joto la friji. Gesi iliyokwisha kutoka hairudi kwa kupozwa.

Chemsha sukari hiyo katika mililita 300 za maji dakika tano, ipoe, imimine chini ya ndoo ya pili iliyosafishwa. Vuta bia juu yake kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa chini kabisa na umelazwa ubavuni mwa ndoo ili bia ijizungushe yenyewe. Isirukeruke, kwa sababu hewa sasa ni adui: bia hupoteza ladha ikanuka karatasi iliyolowa. Koroga taratibu mara moja kwa mwiko safi kila baada ya chupa kumi. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili juu, bana kizibo cha bati.

Chupa ziwe za bia, nzito, za kahawia. Chupa za mvinyo na za sharubati hazihimili presha. Za kijani na nyeupe zinahimili, lakini mwanga wa jua hugusana na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa katika bia, na kufanya harufu ya kicheche, na kwa jua la Malindi dakika chache dirishani zinatosha. Kila chupa ipitishwe brashi kwanza, kisha ilowekwe dakika 20 katika maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa lita 4, kisha isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Klorini hailifikii tope lililogandia chini ya chupa. Brashi ndiyo inayolifikia.

Zile zilizobaki kabatini sasa hivi: vaa glavu nene na miwani, zifunike kwa taulo nzito, zipeleke kwenye friji bila kuzitikisa, zikae siku nzima ndipo uziguse. Kisha inua kizibo kidogo, gesi itoke, ufunge upya kwa kizibo kingine.

Kuhusu wageni: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na kwa anayeuza. Peleka swali lako kwa ofisi ya leseni ya kaunti kabla chupa haijafika mezani.

Assalaam aleikum. Natengeneza tangawizi ya gesi kwa hamira ya mkate: lita 2 za maji, sukari gramu 200, tangawizi na ndimu. Natia kwenye chupa za kioo za mvinyo. Juzi mbili zimepasuka usiku. Nikingoja iache kutoa mapovu ndipo nifunge, haina utamu. Na je, ina ulevi?
*Bibi A., Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam, bibi. Kwanza tafadhali acha chupa za kioo leo. Tangawizi yako haiwezi kufuata kanuni ya bia, kwa sababu bia hufungwa hamira ikiwa imemaliza chakula, na wewe unataka kufunga chakula kikiwa bado kipo ili utamu ubaki. Una gramu 100 za sukari katika lita. Hamira ikiachiwa iile yote, itatoa gesi lita 26 kwa kila lita ya tangawizi. Hakuna chupa ya nyumbani itakayovumilia.

Tumia chupa za plastiki za soda. Hamira iwe robo kijiko cha chai kwa lita 2, acha vidole vinne juu, funga. Katika joto la Lamu anza kuzibinya baada ya saa 10. Kwa kawaida huwa ngumu kati ya saa 12 na 24. Zikishakuwa ngumu hazibonyei, ziingie kwenye friji palepale na zinywewe ndani ya wiki. Baridi huilaza hamira, haiiui. Umeme ukikatika siku nzima, fungua vizibo upunguze gesi.

Ulevi upo. Hamira ya mkate hufanya pombe kama ya bia. Katika hizo saa chache ni kidogo, lakini ikiachwa imalize sukari hiyo yote hupita asilimia 6. Hukumu yake waulizwe masheikh. Ukitaka kuepuka kabisa, chemsha tangawizi gramu 150 na sukari gramu 200 katika nusu lita ya maji kwa dakika 15, chuja, poza, kamulia ndimu, kisha changanya na lita moja na nusu ya maji ya soda yaliyo baridi sana wakati wa kunywa. Hakuna hamira, hakuna kinachochacha, na ukali wa tangawizi utaupata vilevile.

Kwa nini mnazi wa mgema hautiwi chupani kama bia? Nilifunga lita tano, asubuhi dumu limevimba kama mpira.
*K.C., Maweni*

Mnazi huanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, kwa hamira na vijidudu vilivyomo hewani na katika chombo cha mgema. Hakuna saa unayoweza kusema sasa umetulia. Hamira inakula sukari, wakati huohuo vijidudu vingine vinatengeneza uchachu, na pombe ikishapatikana wanakuja wale wanaoigeuza siki. Ule mtamu wa asubuhi ni mkali jioni. Mfuniko wa dumu usikazwe kamwe, na mnazi unywewe siku ileile.

Ukibaki, ufanye siki, na hapo mambo yanageuka: siki inataka hewa ambayo bia inaikataa. Mimina kwenye chombo cha kioo au cha udongo chenye mdomo mpana, usijaze kupita nusu, funga kitambaa chepesi ili nzi wadogo wasiingie, weka kivulini. Siki iko tayari kwa chupa harufu ya pombe ikiwa imetoweka kabisa na ukali hauongezeki tena ukionja wiki mbili mfululizo. Chuja, ipashe moto hadi nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika kumi bila kuchemka, jaza chupa mpaka shingoni na uifunge ikiwa bado ya moto. Ikiachiwa hewa baada ya hapo, utando huota upya juu yake na siki hupungua nguvu.